Kivuli Juu ya Picha: Lesi ya Nicholas Hilliard na Mipaka ya Ushahidi wa Kamera

Ikisiri

Makala haya yanahakiki uchoraji wa vitambaa katika picha ndogo za watu zilizotengenezwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, hususan katika kazi za Nicholas Hilliard na Isaac Oliver. Yanadai kwamba hukumu iliyozoeleka, kuwa Hilliard ni mchoraji bapa na kuwa Oliver ndiye aliyeleta uhalisi, imeegemea mno picha za kamera, ambazo hufuta sifa iliyo kiini cha kazi ya Hilliard: unene wa rangi. Dai hilo linahusishwa na taratibu za kuhifadhi kidijitali kazi za nakshi za nguo katika pwani ya Afrika Mashariki.

Tatizo la nyuzi

Katika picha ya Malkia Elizabeth I iliyochorwa na Hilliard mwaka 1572, ambayo sasa imo katika National Portrait Gallery, London, uso, nywele, kola, vazi na vito vimetoshea katika nafasi yenye urefu wa sentimita 5 hivi. Mavazi ya zama hizo hayakumhurumia mchoraji. Kola moja ya marinda ilimeza mita kadhaa za kitani laini, na ukingoni mwake palitiwa lesi yenye matundu yasiyohesabika. Hakuna brashi iwezayo kuufuata uzi mmoja mmoja katika kipimo hicho, na hata kama ingekuwapo, jicho la mtazamaji lisingeuona uzi huo. Kwa hiyo kila mchoraji wa picha ndogo hulazimika kuacha mengi ili kitambaa kiaminike. Swali la mhakiki basi si nyuzi ngapi zimechorwa, bali jicho limeshawishiwa kwa njia gani kwamba linatazama kitani na si chokaa, mahameli na si masizi.

Njia hizo zilikuwa zaidi ya moja, na hazikulingana. Hilliard alizaliwa Exeter mnamo mwaka 1547, mtoto wa sonara, naye mwenyewe akafunzwa usonara London chini ya Robert Brandon, sonara wa malkia. Oliver alizaliwa Ufaransa katika familia ya Waprotestanti, akaletwa Uingereza akiwa mtoto na kufundishwa na Hilliard picha ndogo. Mwanafunzi alifariki mwaka 1617, miaka miwili kabla ya mwalimu wake. Masimulizi yaliyozoeleka ya historia ya sanaa huwapanga wawili hao katika ngazi: Hilliard chini, mtu wa mistari na mapambo, mrithi wa wapambaji wa vitabu vya zama za kati, Oliver juu, mtu wa nuru na kivuli aliyefungua dirisha la Ulaya bara. Ngazi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imejengwa juu ya ushahidi usiotosha.

Mkono wa sonara

Hilliard aliandika risala juu ya sanaa yake mnamo mwaka 1600, na risala hiyo haikupigwa chapa hadi mwaka 1912. Ndani yake anazungumza kama fundi. Picha huchorwa juu ya ngozi laini iliyogandishwa kwenye karata ya kuchezea kwa gundi ya wanga. Rangi husagwa na kuchanganywa na maji na gundi ya mgunga; rangi nyeusi iliyo bora hupatikana kwa kuchoma pembe za ndovu katika chombo kilichozibwa. (Si gundi hiyo wala pembe hizo zilizotoka katika ardhi ya Uingereza, jambo ambalo wahakiki wa mitindo huwa hawalitaji.) Brashi ni za manyoya ya kindi. Mchoraji anashauriwa avae hariri, kwa kuwa hariri haimwagi vinyuzi kama sufu, na ajihadhari na mba za kichwani na mate yanayoruka wakati wa kusema. Mchoraji wa vitambaa alikuwa na vita na kitambaa chake mwenyewe: kinyuzi kimoja kikiangukia shavu la malkia katika kipimo kile huwa ni kovu.

Jambo lililo muhimu zaidi ni namna lesi ilivyotengenezwa. Hapa neno “kuchora” halitoshi. Hilliard alichukua rangi nyeupe ya risasi iliyo nzito, akaidondosha na kuivuta kwa ncha ya brashi ili ikauke ikiwa imeinuka juu ya ngozi. Kila pindo la kola ni kijinundu, na kila kijinundu, mwanga ukikipiga ubavuni, hutupa kivuli chake halisi. Lesi hiyo basi haiigi umbo la lesi kwa udanganyifu wa macho. Ni kitu kilichofumwa kwa rangi, chenye juu na chini. Mtu aliyeishika picha hiyo mkononi, kama ilivyokusudiwa, akaigeuza kidogo kuelekea dirishani, aliona kola ikibadilika mbele yake.

Vito vilitendewa vivyo hivyo. Lulu ni tone la rangi nyeupe lililowekewa nukta ya fedha, na fedha hiyo ikasuguliwa hadi ikang'aa kwa jino la mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Rubi ni tone la utomvu uliotiwa rangi, lililowekwa juu ya fedha iliyosuguliwa na kuundwa kwa sindano ya moto. Usonara haukuwa wasifu wa ujanani tu. Ndio uliomfundisha kuitafuta nuru katika kitu chenyewe kabla ya kuitafuta katika mfano wake. Hata rangi nyeusi ilitii fikra hiyo, kwa maana gundi ikizidi, nyeusi hung'aa kama atlasi, na ikipungua, hunywea mwanga kama mahameli. Tofauti ya vitambaa viwili vyeusi inaweza kuwekwa bila kubadili rangi kamwe.

Kisa cha bustani sharti kisomwe upya hapa. Hilliard anasimulia katika risala yake kwamba alipokwenda mara ya kwanza kumchora Elizabeth, malkia alizungumza naye juu ya matumizi ya kivuli, kisha akachagua kuketi katika njia ya wazi ya bustani, mahali pasipo na mti karibu wala kivuli chochote. Kisa hiki hutajwa mara kwa mara kama kiini cha ubapa wa Hilliard: malkia hakutaka makunyanzi, mchoraji akatii. Huenda ndivyo. Hata hivyo kisa kinahusu kivuli kilichomo ndani ya picha, kile kinachochorwa usoni ili kuuviringisha. Hakisemi lolote kuhusu kivuli kilicho juu ya picha, kile ambacho rangi iliyoinuka hukitupa yenyewe. Hilliard alikinyima uso kivuli cha kwanza, akaipa kola cha pili. Tokeo lake ni la ajabu: uso umetulia, hautegemei saa wala dirisha, ilhali nguo inayouzunguka huishi kwa mwanga wa chumba alimo mtazamaji.

Oliver, au kitambaa kinachotii mwili

Oliver alifuata mantiki nyingine. Katika picha ya Richard Sackville, bwana wa Dorset, iliyoandikwa tarehe ya mwaka 1616 na kuhifadhiwa Victoria and Albert Museum, London, mtu mzima amesimama kutoka utosini hadi viatuni katika kimo kinachozidi kidogo sentimita 23. Nakshi za mavazi ni nyingi kupindukia, lakini hazimmezi mvaaji. Mwanga una upande unaotokea. Nakshi huwaka upande huo na kufifia zinapozunguka paja au mkono. Kitambaa hapa ni ngozi ya pili ya mwili. Vitone na mistari midogo sambamba huunganishwa hadi mpaka baina ya nuru na giza usionekane. Kwa mizani ya uigaji, huu ni ustadi uliomzidi mwalimu.

Picha yake ya Elizabeth ambayo haikumalizika, iliyochorwa mnamo mwaka 1590 na iliyomo katika jumba hilo hilo, inaifichua kazi yake kwa namna nyingine. Uso umekamilika, una umri na uchovu. Mavazi yameachwa katika mistari myepesi ya mwanzo. Anayeitazama anaona kwamba kwa Oliver mtu alikuwapo kabla ya nguo zake. Kwa Hilliard ni vigumu kufikiri hivyo, na hapo ndipo penye udhaifu wake ambao utetezi wowote wa haki hauna budi kuukubali. Katika “Kijana Katikati ya Mawaridi”, kazi yake mashuhuri zaidi, vazi jeusi la begani halikubali kwamba chini yake kuna bega. Ni doa zuri, lenye ukingo mzuri, lisilo na uzito. Miiba na maua yanayopita mbele ya vazi hilo yana uhai kuliko kitambaa chenyewe. Pale ambapo hakuna lesi ya kuinua wala kito cha kusugua, sonara hubaki na mstari tu, na mstari peke yake haukunjiki.

Kinachopotezwa na kamera

Wanafunzi na wahakiki walio wengi hawajapata kuzishika picha hizi, wala hawatapata. Wanazijua kupitia vitabu na skrini. Upotevu wa kwanza ni wa ukubwa: kitu cha sentimita 5 hukuzwa hadi kujaza ukuta wa darasa, na lesi iliyokusudiwa kuonwa kwa umbali wa kiganja hugeuka matone ya chokaa. Vitone vya Oliver hustahimili ukuzaji huo vizuri zaidi, kwa sababu vilikusudiwa kuyeyukiana.

Upotevu wa pili ni wa mwanga, nao ni mzito zaidi. Utaratibu wa kawaida wa kupiga picha kitu bapa ni kuweka taa mbili zenye nguvu sawa, moja kila upande, ili pasiwe na kivuli. Utaratibu huo unafaa sana kwa Oliver, ambaye kivuli chake kimo ndani ya rangi na hakiwezi kufutwa na taa. Kwa Hilliard ni kama kusoma utenzi baada ya kuondoa vina. Taa mbili huua kila kivuli kilichotupwa na kola, kisha msomaji huonyeshwa kola hiyo na kuambiwa kwamba mchoraji alikuwa bapa. Hukumu imetolewa na taa.

Wakati nao umeshiriki. Fedha iliyosuguliwa imegeuka nyeusi, hivi kwamba lulu nyingi leo zina kidoa cheusi mahali palipokuwa na mng'aro. Wekundu wa mashavu umefifia, na nyuso zilizokuwa na damu zimekuwa nyeupe. Kamera hunasa kwa uaminifu hali ya sasa ya mabadiliko hayo, na mtazamaji asiyeonywa huyahesabu kuwa chaguo la mchoraji.

Weupe juu ya weupe

Jambo hili si la wahakiki wa Ulaya pekee. Katika Lamu, Unguja na kwingineko pwani, kofia ya viua hutobolewa vitundu vidogo na kuzungushiwa uzi kwa sindano. Nyingi zilizo bora ni za uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Nakshi yake haina rangi ya kuitofautisha na uga wake. Huonekana kwa sababu uzi umeinuka na tundu limeshuka, yaani kwa kivuli. Tatizo la kuionyesha kofia hiyo ni lile lile la lesi ya Hilliard, na taa mbili zilizosawazishwa huitendea vivyo hivyo: hubaki duara jeupe lenye vidoa, na kazi ya miezi ya fundi haitofautiki na kofia ya mashine.

Miongozo ya kuhifadhi kidijitali mara nyingi husisitiza usahihi wa rangi na wingi wa pikseli. Kwa hati iliyoandikwa kwa wino, hayo yanatosha. Kwa kofia, kwa kanzu iliyodariziwa shingoni au kwa mlango uliochongwa, hayatoshi, na idadi ya pikseli ikiongezwa mara kumi bado hayatatosha, kwa sababu kilichokosekana si udogo wa kiini cha picha bali mwelekeo wa nuru. Mbinu ya kupiga picha nyingi, kamera ikiwa imetulia huku taa ikihamishwa kuzunguka kitu, inajulikana tangu mwanzo wa karne hii. Inahitaji kamera, taa moja na tufe dogo linalong'aa la kuonyesha mahali taa ilipokuwa. Programu za kuziunganisha picha hizo zinapatikana bila malipo. Hoja ya gharama, ambayo huwahiwa kutolewa katika vikao vya bajeti, inahusu zaidi muda wa watumishi kuliko vifaa. Hoja hiyo ni ya kweli: kitu kilichohitaji picha moja sasa kitahitaji arobaini. Si kila kitu kinastahili hivyo, na uteuzi wa vinavyostahili ni kazi ya watu wanaojua ushonaji, si ya wapiga picha peke yao.

Angalau picha moja ya mwanga wa ubavuni, pamoja na maelezo ya upande taa ilikotoka, ingeweza kudaiwa kwa kila kazi ya nakshi bila kuongeza hata kifaa kimoja. Kwa kofia iliyokwisha kuvaliwa, picha hiyo itaonyesha pia mahali uzi ulipolala kwa kukandamizwa na kichwa cha mwenyewe, na mahali fundi alipobadilisha kani ya mkono wake baada ya mapumziko. Mambo ambayo fomu yenye jina, rangi na vipimo haina safu ya kuyaandika.