Kirangozi na Mitungi ya Maji

Hekaya ya kwanza katika Jataka, mkusanyo wa hekaya 547 za Wabudha uliohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, yahusu misafara miwili ya biashara. Kila msafara una magari 500 ya kukokotwa na ng'ombe, na mbele yake liko jangwa lisilo na maji, lenye mashetani walao watu. Mkuu wa msafara wa kwanza akutana na shetani aliyejigeuza mtu, nywele na nguo zikimtiririka maji. Aambiwa kwamba mbele mvua yanyesha na maziwa yamejaa. Ya nini kuwachosha ng'ombe kwa mitungi? Aamini, amwaga maji, na msafara wote waangamia. Mkuu wa pili aambiwa maneno yale yale, na watu wake wataka kumwaga maji. Hawakemei. Awauliza: upepo wa mvua husikika kutoka umbali gani? Wingu je? Umeme na ngurumo je? Wajibu wenyewe, kisha awauliza kama yuko miongoni mwao aliyeona au kusikia hata moja katika hayo. Hayuko. Maji yabaki mitungini, na watu wavuka salama.

Msomaji wa Tabora hana haja ya kufasiriwa habari hii. Njia ya kale itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Mgunda Mkali, nyika kavu kati ya Ugogo na Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi walijua thamani ya kibuyu cha maji na ya kirangozi mwenye busara. Wala hekaya za ukoo huu si ngeni katika Kiswahili. Kisa cha kima aliyemhadaa papa kwamba moyo wake ameuacha mtini, alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Unguja, kimo pia katika Jataka, ila huko mwenye kuhadaiwa ni mamba.

Basi si kosa kuifanya hekaya ya misafara kuwa kipimo cha fikra zetu wenyewe juu ya ualimu. Nitaipima kwayo "Elimu ya Kujitegemea", andiko alilolitoa Julius Nyerere mwezi wa Machi 1967. Mwandishi huyo alipata malezi ya akili katika mji huu wa misafara. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, ambayo Waingereza waliianzisha hasa kwa ajili ya wana wa watemi. Na toka 1946 hata 1949 alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, papo hapo Tabora.

Andiko lastahili sifa. Lataka shule imjengee mwanafunzi akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa lisilomfaa, na imani ya kuwa yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Hapo lakutana na mafundisho ya Buddha kwa Wakalama, ambao aliwaonya wasipokee neno kwa sababu tu ni la mapokeo, au limo katika vitabu, au limesemwa na mwalimu wao.

Lakini upungufu upo. Andiko laeleza kwa urefu shamba la shule, na kwa haki yataka wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua juu ya mavuno. Habari ya namna mwalimu atakavyouliza darasani yaguswa kwa uchache. Jembe huhesabika na gunia hupimwa. Akili ya kuuliza haina mizani. Si ajabu, basi, kwamba katika shule nyingi shamba lilifika na maswali yakabaki nyuma, na kulima kukawa amri nyingine ya mwalimu. Mwanafunzi akawa kama mpagazi aliyetwikwa mzigo uliofungwa: hakuambiwa kilichomo, alitakiwa tu aufikishe kamili siku ya mtihani.

Wako watakaojibu kwamba mtoto hana budi kujazwa maarifa kwanza, na kwamba maswali huzaa utovu wa adabu. Jibu la kwanza lina ukweli nusu. Maswali ya mkuu wa pili yalifaa kwa kuwa watu wake waliyajua mawingu na upepo. Bila maarifa hayo wangalinyamaza. Lakini wa msafara wa kwanza waliyajua vilevile, nao walikufa, kwa kuwa hawakuulizwa. Jibu la pili halina nguvu. Buddha hakuwaambia Wakalama kila mtu afuate apendalo. Aliwataka watazame jambo lazaa heri au madhara, na wenye hekima walisifu au walilaumu. Kuuliza kwa namna hiyo ni adabu ya akili, nayo hufundishwa kama adabu nyingine.

Kwa hiyo naliona andiko la Nyerere kuwa kweli katika shabaha na pungufu katika njia. Katika vyuo vya ualimu lafaa lisomwe sambamba na hekaya hii, na mwanachuo atakiwe kutunga, kwa kila somo atakalofundisha, swali moja la namna ya mkuu wa pili: kama neno hili ni kweli, tungeona dalili gani, na nani kati yetu ameziona?