Ujirani wa Minyororo

Gati la Hydra mchana wa Agosti ni mahali pabaya pa kujifunzia kutia nanga, na mahali pazuri mno pa kuwatazama wanaojua. Kisiwa hiki cha Ugiriki, kusini mwa Athens, hakina magari. Mizigo ikishushwa bandarini hupandishwa mjini kwa nyumbu na punda. Bandari yenyewe ni ndogo, nyumba za mawe zimeizunguka pande tatu, na mlango wake unatazama kaskazini, huko huko unakotoka upepo wa kiangazi. Humo huingia boti za abiria kutoka Piraeus, teksi za majini, mashua za wavuvi, na yoti za kukodi zenye watu wa kila pembe ya Ulaya.

Kwa ufinyu huo hakuna mwenye yoti anayepewa nafasi ya kulaza ubavu wa chombo chake gatini. Kila mmoja huangusha nanga katikati ya bandari, akarudi kinyumenyume mpaka tezi ikaribie ukuta, akafunga kamba mbili za nyuma. Omo inashikwa na nanga, tezi inashikwa na gati, na vyombo vinajipanga bega kwa bega. Ndivyo wafanyavyo katika visiwa vingi vya Ugiriki, lakini Hydra ndiko kazi hii inakomwumbua mtu upesi, kwa sababu watazamaji wako mezani na kahawa zao, hatua chache kutoka kwenye kamba.

Matanga yamesifiwa vya kutosha. Mimi naisifu nusu saa hii ya mwisho, tanga likiwa limeshakunjwa, kwa sababu ndipo ubaharia unapogeuka kuwa ujirani. Mnyororo wako wa mita 40 utalala usiku kucha mahali usipopaona, kando ya minyororo ya watu usiowajua, pengine juu yake. Ukiulaza vibaya, hutateseka peke yako.

Nahodha mjuzi akiingia haangushi kitu. Kwanza huzunguka taratibu na kuitazama minyororo inayotoka kwenye omo za wenzake: huu umenyooka, ule umekwenda upande. Akishaliona pengo lake humwita mtu wa chombo jirani, amuulize nanga yake iko wapi. Yule husimama, hunyoosha mkono kuelekea majini, husema "pale, mbele ya lile boya", hurudi kuketi. Mazungumzo hayo hayamalizi dakika moja, nayo yanaokoa asubuhi nzima ya kesho.

Kisha hesabu. Kina kikiwa mita 7, na omo ikiwa mita 1 juu ya maji, jumla ni 8. Zidisha kwa 5, unapata mita 40 za mnyororo. Hiyo ndiyo kanuni ya kawaida kwa mnyororo mtupu. Upepo ukizidi, au sehemu ikiwa ni kamba, watu huenda mara 7 na zaidi. Sababu yake haihitaji chuo. Nanga ikivutwa kwa usawa wa sakafu ya bahari hujichimbia. Ikivutwa kwenda juu hung'oka. Mnyororo mrefu unalala chini kwa uzito wake, na mvuto unaifikia nanga ukiwa wa bapa. Ndiyo maana wageni wengi hukosea kabla hata hawajaanza kurudi nyuma: wanaangusha karibu mno na gati, halafu wanashangaa mnyororo ukisimama wima. Kwa namna hii ya kufunga, mahali pa kuangusha ndipo panapoamua urefu, na hapabadilishwi ila kwa kuanza upya.

Hata nanga yenyewe ina watu wake. Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia wa Cambridge aliyejulikana kwa utafiti wake juu ya misukosuko ya hewa na maji, alikuwa pia mpenda yoti, na mwaka 1933 akabuni nanga ya CQR, yenye ncha kama jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kabla yake mabaharia wa vyombo vidogo walitegemea zaidi uzito wa chuma. Yeye akawapa umbo linalochimba kadiri linavyovutwa. Siku hizi ziko za kisasa zinazoshika upesi zaidi, na mabishano juu yake bandarini hayaishi, hasa jioni.

Lakini hakuna nanga, ya zamani wala ya kisasa, inayopenda posidonia. Mmea huu wa baharini hufunika sehemu kubwa za sakafu ya Mediterania kwa majani marefu yaliyosongamana, na nanga huteleza juu yake, au hurudi na fungu la majani huku mwenyewe akidhani imeshika. Tena unakua polepole mno, samaki wanazaliana humo, na sheria zinaulinda. Kuuvuruga kwa minyororo ni hasara ya wote. Kwa hiyo katika ghuba za kandokando mwenye macho hutafuta doa jeupe. Giza chini ya maji ni majani au mwamba. Weupe ni mchanga.

Sasa kurudi nyuma. Mwenda pole hajikwai, lakini chombo kinachorudi nyuma pole mno hakisikii usukani. Kinataka mwendo kidogo ndipo kitii. Juu ya hapo pangaboi la injini lina ukaidi wake: likirudisha nyuma, mara nyingi huivuta tezi upande, na kwa vyombo vingi upande huo ni kushoto. Fundi anaujua ukaidi wa chombo chake naye huutegea, anaanza akiwa amepinda kidogo upande wa pili ili kivutwe mpaka kinyooke. Mtu wa omo anaendelea kuachia mnyororo usikaze, na zinapobaki mita chache anauzuia. Hapo omo inainama kidogo, mnyororo unanyooka, na kila aliye ndani anaisikia nanga ikishika. Kamba ya upande wa joshi, unakotoka upepo, ndiyo inayokwenda nchi kavu kwanza. Ya pili inaweza kungoja. Hatimaye mnyororo unakazwa kwa winchi mpaka tezi ikae kama mita 1 mbali na ukuta, kwa kuwa boti ya abiria ikipita nje wimbi lake litaingia, na usukani ukigonga mawe ya chini ya gati likizo imekwisha.

Msomaji wa Lamu au Unguja atashangaa kuwa kamba hizo hukazwa vile na kuachwa usiku kucha. Kwetu bamvua huinua na kushusha maji kwa mita 3 hadi 4, na chombo kilichofungwa kifupi kitaning'inia. Bahari ya Aegean karibu haina maji kupwa na kujaa. Tofauti yake kwa kawaida hupimwa kwa sentimita. Mjanja wa huko ni upepo. Meltemi huja kila kiangazi, hasa Julai na Agosti, mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko Balkani unapokutana na ule mdogo wa upande wa Uturuki. Hauji na wingu. Mbingu ni safi, jua linachoma, na ifikapo alasiri bahari imechafuka. Mara nyingine hutulia usiku. Mara nyingine huvuma siku kadhaa mfululizo.

Kwa hiyo kazi haijaisha kamba zinapofungwa. Wako wanaovaa miwani ya kuzamia wakaogelea kufuata mnyororo mpaka waione nanga kwa macho. Nje ya bandari, chombo kikiwa kimeshikwa na nanga tu, wengine huchagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mnara wa kanisa na pembe ya nyumba, wakaviangalia: vikiachana, chombo kinahama. Nao wakongwe huweka kiganja juu ya mnyororo. Ukitetemeka kwa mikwaruzo, nanga inaburutwa.

Mtihani wenyewe, hata hivyo, ni wa asubuhi. Wa kwanza kuondoka anawasha winchi, winchi inaguna, na nanga inatokeza ikiwa imebeba mnyororo wa mtu mwingine juu ya makombe yake. Hydra jambo hili ni la kila siku. Asiyejua hupiga kelele, kisha huongeza injini, akang'oa nanga ya jirani, na safu ya vyombo ikaanza kulaliana. Anayejua husimamisha kila kitu. Huchukua kamba, akafunga ncha moja omoni, akaipitisha chini ya mnyororo ule wa mgeni, akairudisha ncha ya pili na kuifunga. Kisha huishusha nanga yake kidogo. Mnyororo wa jirani unabaki umening'inia kwenye kamba, nanga inajitoa, anaipandisha. Mwisho anafungua ncha moja ya kamba, na mnyororo unazama ulipokuwa umelala. Mwenyewe huenda bado amelala chumbani, asijue kuwa amehudumiwa.

Kisiwa hiki kina haki ya kudai adabu hiyo. Mwaka 1821 Wagiriki walipoasi utawala wa Waturuki, merikebu za Hydra zilikuwa miongoni mwa nguzo za vita vya baharini, na Andreas Miaoulis, mtu wa kisiwa hiki, ndiye aliyekuja kuwa amiri wao. Hadi leo mabaharia wa meli za biashara wanasomeshwa hapa.

Gati likishajaa, limejaa. Nahodha anayezunguka mara moja, akaona hawezi kulaza mnyororo wake bila kuulalia wa mwenzake, akageuza kwenda Ermioni upande wa bara, atachekwa na wale wa mezani. Mimi namhesabu kuwa fundi kuliko aliyejipenyeza. Ermioni kuna gati, na jua litamkuta ameshafunga kamba.