Ulimbwende wa Kijerumani Katika Miteremko ya Kilimanjaro

Fikira zilizolelewa katika vyuo vya Ujerumani zilipata makao ya ajabu katikati ya migomba ya Uchagani. Aliyezichukua ni Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri wa chama cha Leipzig, aliyezaliwa Dresden mwaka 1876 na kufika Afrika ya Mashariki mwaka 1902. Kazi yake kubwa aliifanya Moshi ya Kale, upande wa mashariki wa Kibosho na Uru.

Tangu siku za Herder, walimbwende wa Kijerumani walishika kwamba roho ya taifa imo katika ngano, methali na desturi za watu wa kawaida. Jina la kitabu cha Gutmann cha mwaka 1909, Dichten und Denken der Dschagganeger, lautangaza msimamo huo: Wachagga wana utungaji wao na fikira zao. Wakati ambapo wageni wengi waliwahesabu Waafrika kuwa hawana falsafa yo yote, neno hilo lilikuwa la heshima kubwa. Baadaye vikafuata kitabu cha sheria za Wachagga, mwaka 1926, na juzuu tatu za mafundisho ya jando, kati ya 1932 na 1938. Utajiri wa vitabu hivyo haukanushiki.

Kasoro imo katika nadharia. Gutmann alifundisha kwamba utu wasimama juu ya vifungo vitatu vya asili, yaani ukoo, ujirani na rika. Na kwamba fedha na maisha ya mjini huvikata. Hapo ndipo Kibosho yafaa kuwa kipimo. Mangi Sina wa Kibosho na Mangi Rindi wa Moshi walikuwa mahasimu wakubwa, ingawa watu wao walikuwa na koo, marika na ujirani wa namna moja. Wajerumani walipoipiga ngome ya Sina mwaka 1891, Rindi alikuwa upande wao. Mwaka 1893 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misioni Kibosho, na mpaka wa madhehebu ukaongezwa juu ya mipaka ya umangi. Mchagga mmoja mwenye roho moja, basi, ni zao la kalamu kuliko la historia.

Tena vifungo vipya havikuwa vya kubomoa tu. Chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925 kiliongozwa na Joseph Merinyo, mtu aliyefanya kazi karibu na Gutmann mwenyewe. Kahawa, zao la kuuzwa kwa fedha, iliwaunganisha watu wa umangi mbalimbali ambao ujirani wa kale haukuwaunganisha.

Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle wa Marangu alitoa kwa Kiswahili kitabu chake juu ya maisha ya Mchagga duniani na ahera. Hapo mwenye desturi akawa msemaji wake, tena kwa lugha ambayo jirani asiye Mchagga aweza kuisoma. Vitabu vya Gutmann viliandikwa kwa Kijerumani. Leo Kibosho ina seminari kuu isomeshayo falsafa. Vijana wake wakimsoma Gutmann, yafaa wapokee hazina aliyoikusanya, bali kipimo chake wakipime kwanza kwa habari za mlima wenyewe.