Vanessa si kipepeo

Wandugu, kila mara inazunguka ku WhatsApp ile picha: "Vanessa, jina la Kigiriki, maana yake kipepeo." Mimi njo naitwa vile, na imenichokesha. Mama mmoja wa kanisa alinishauri hata nibadili jina: eti kipepeo hakitulii, njo maana sijaolewa.

Wagiriki wa zamani kipepeo walikiita psyche, neno lile lile la roho. Vanessa haiko kwao. Jina lilitungwa na Jonathan Swift, padri Mwanglikana wa Dublin. Alikata Van ku Vanhomrigh, akaunga Essa ya Esther, ili amfiche Esther Vanhomrigh, mwanafunzi na rafiki yake. Shairi, Cadenus and Vanessa, aliliandika karibu na 1713. Likachapwa 1726, Esther ameshakufa tangu 1723. Cadenus ni Swift mwenyewe: herufi za decanus zimegeuzwa. Ndiyo, doyeni, sawa na yule wa fakilte.

Kipepeo kilifuata nyuma. Ni 1807 Fabricius wa Denmark alipowapa vipepeo fulani jina hilo. Wa agronomia tunamjua Vanessa cardui, kiwavi chake kinakula majani ya soja.

Sasa shairi lenyewe. Wengi wanalisoma kama mapenzi na utani, na kweli linachekesha. Lakini angalia: Venus anataka msichana kamili, anamwonyesha Pallas, mungu wa hekima, huyo mtoto sawa mvulana. Pallas anadanganyika, anamjaza elimu. Akija kujua, anakasirika, lakini zawadi hairudi. Yaani ili msichana apewe akili, lazima mtu adanganywe kwanza! Swift anawacheka wale wanaomdharau Vanessa juu ya masomo, hapo namsifu. Kisha Vanessa anampenda mwalimu wake, mwalimu anamtolea urafiki tu, na mwisho mshairi anakataa kusema ilikuwaje. Esther wa kweli alimwandikia barua akilalamika kwamba hamjibu. Kumjibu kwa fumbo la kuchekesha, mimi naona ni uoga.

Baba yangu hakumjua Swift. Alipenda Vanessa Paradis ku redio, basi.

Nikishuka ku shamba na jipu ya kazi, wazee wanasalimia shofa kwanza: "Karibu, bwana agronomu." Shofa anacheka, ananionyesha kidole. Pale namkumbuka Pallas.