Kamani ya Mama

Mzee huyu hupima kwa sikio. Hubana ncha moja ya kamani kwenye jiliwa, akaisukuma ya pili kwa kidole, akaiachia, kisha akatulia kama anayesikiliza hodi ya mbali. Mlio ukiwa mfupi na mkavu, hutikisa kichwa na kuanza upya. Ukitetema vizuri, hutabasamu, na mteja hujua kazi imekwisha.

Karakana yake ni kibanda cha mabati katika mji mkongwe wa Malindi, si mbali na makaburi ya nguzo ya Msikiti wa Juma. Vijana wanaomletea pikipiki ambazo kiki zake hazirudi husema "springi". Yeye husema kamani. Ni neno lililotufikia kwa bahari, na asili yake ni jina la Kiajemi la upinde. Jina hilo limestahili, kwani kamani ni upinde uliojikunja. Wazee wetu waliijua kabla injini hazijafika: bunduki ya gumegume ilipiga jiwe lake kwa kamani, na saa ya ukutani iliyotiwa ufunguo jioni ilikesha kwa kamani. Leo neno hilo limebaki vinywani mwa wachache, na adabu ya kuichagua kamani imebaki mikononi mwa wachache zaidi.

Nilimwendea kwa sababu ya cherehani ya mama. Ni Singer nyeusi iliyovuka hori la Kilifi kwa feri, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Ilikuwa juu ya mkokoteni, imefungwa kwa kamba ya mkonge ambayo hamali aliikaza kwa kuisokota na kijiti mpaka ikalia. Nilikuwa mdogo, na nilishangaa jinsi kijiti kile kilivyotaka kumponyoka mkononi na kuzunguka kinyumenyume. Hamali hakuwa na chuma, ila nguvu aliyoitumia ndiyo ile ile ya kamani: kitu kilichosokotwa hutaka kurudi kilikotoka.

Usiku mama alikuwa akipinda leso za watu kwa mwanga wa chemli, hasa Ramadhani inapokaribia mwisho na kila nyumba inataka nguo za Idi. Mimi nililala kifudifudi mkekani, kidevu juu ya ngumi, nikitazama kitu kimoja tu. Kando ya visahani vinavyobana uzi palikuwa na kijiwaya kilichojikunja kama mkia wa kinyonga. Sindano ikishuka, kilivuta uzi uliolegea usijisokote chini yake. Uzi ukikazwa, kiliinama na kuupisha. Kiliinuka na kuinama, kiliinuka na kuinama, hata leso ikaisha na nyingine ikaanza. Kwa akili yangu ya kitoto, gurudumu lilikuwa la kupiga kelele tu. Niliamini kwamba kijiwaya kile ndicho kinachoshona.

Kilivunjika mwaka jana. Nikanunua kingine dukani, kipya, kinang'aa, chenye mizunguko ile ile, na kiliingia mahali pake bila taabu. Lakini cherehani haikutulia tena. Uzi ulikatika kila shubiri. Mama alilaumu uzi, tukabadilisha. Akalaumu sindano, tukabadilisha. Mwisho akalaumu macho yake, akaifunika cherehani kwa kanga, akasema uzee umefika.

Mzee wa Malindi alivipima vyote viwili kwa kalipa. Waya wa zamani ulikuwa na unene wa nusu milimita. Mpya ulikuwa na sehemu sita za kumi.

"Waiona tofauti, mwanangu?"

"Siioni, mzee."

"Nawe ndiye uliyenunua."

Akanieleza taratibu. Ugumu wa kamani ya kusokotwa hufuata unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya ukiwa mnene mara mbili, kamani huwa ngumu mara 16. Ile sehemu moja ya kumi ambayo jicho langu halikuiona ilikuwa imeuzidisha ugumu takriban mara mbili, na uzi wa pamba ndio ulioadhibiwa. Mizunguko ikiongezwa, kamani hulainika. Duara likipanuliwa, hulainika vilevile. Kwa hiyo mchaguzi huanza na kazi, si na umbo. Hujiuliza: mkono wa kamani utasukumwa kwa nguvu gani, utazunguka mpaka wapi, utarudi mara ngapi kwa siku? Majibu yakishapatikana ndipo aulize waya.

Kisha kuna upande. Zipo kamani zilizosokotwa kwa kulia na zilizosokotwa kwa kushoto, na ukizitazama kwa haraka ni ndugu. Kamani hutakiwa kufanya kazi kwa kukazwa, si kwa kukunjuliwa, kwani waya huubeba ndani yake mkono uliousokota. Na ikikazwa, duara lake husinyaa. Pini iliyo ndani isipoachiwa nafasi, kamani huing'ata na kujikata yenyewe.

Akatoa mkebe wenye waya wa chuma kigumu. Hakugusa waya wa kufungia nondo, ambao ukipindwa hubaki ulivyopindwa. Aliuzungusha waya wake kwenye msumari mwembamba kuliko duara alilolitaka, kwa sababu ukiachiwa hujifungua kidogo. Kidogo kiasi gani, aliviachia vidole vyake viseme. Ncha alizikunja kwa mviringo, bila kona kali, kwani ufa huanzia kwenye kona. Halafu akaizika kamani katika mchanga wa moto juu ya jiko, kama mtu wa Kilifi akaangaye korosho, mpaka ikawa na rangi ya makuti makavu, kiasi cha nyuzi 230 za joto. Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi. Chuma hiki hukunjwa kikiwa kigumu, kisha hukaangwa ili kiridhike na mkunjo wake.

Mama ameifunua cherehani. Macho yake hayana neno.

Lakini nimerudi na uchungu. Tunanunua kwa macho. Kamani ya kitasa ikivunjika, tunatundika inayofanana nayo, na ikivunjika tena tunalaani kitasa. Nyumba za ufukweni, kutoka Watamu mpaka Mambrui, hutiwa kamani za chuma cha kawaida, ilhali kila mtu ajua chumvi ya bahari huchimba vishimo katika waya, na kishimo kimoja chatosha kuuvunja. Chuma kisichoshika kutu kipo, ila ni ghali kidogo, na siku ya kununua hakuna anayeifikiria siku ya kuvunjika. Tumeacha kuuliza kitu kimetengenezwaje. Twauliza kipo au hakipo.

Pembeni mwa jiliwa kuna kigoda cha mwanafunzi. Wamekikalia wawili, wakaondoka, kila mmoja akanunua pikipiki. Siwalaumu, kwani pikipiki hulipa jioni ile ile. Sasa kigoda kimejaa makopo ya rangi, na mzee amefika umri ambao mkono huanza kutetemeka kabla ya kamani.

Nami nina ombi dogo kwako, msomaji. Kamani ikikuvunjikia nyumbani, usivitupe vipande. Vifunge kwenye kitambaa umpelekee fundi angali hai, na ukiwa na kijana asiye na kazi, nenda naye. Mwambie aondoe makopo yale, aketi.