Maji Hayapandi Mlima: Umeme wa Pampu ya Moto Katika Maghorofa ya Zamani

Ukisimama Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, unaiona Mazinde chini kabisa ya miguu yako, na mashamba ya mkonge yametandazwa kama mikeka. Maji ya Usambara hayahangaiki na kimo. Yanashuka milimani, yanaporomoka Soni, yanafika Mombo bila kusukumwa na mtu. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo kama 400. Kila mita 10 za kimo huzaa presha ya karibu bari 1, hivyo bomba moja lililojaa maji kati ya miji hiyo lingebeba karibu bari 100 kule chini. Mkulima wa kabichi analijua hilo bila kikokotoo: mfereji wake huuchimba juu ya shamba.

Ghorofa la mjini ni Usambara iliyopinduliwa. Maji yako chini, wenye kiu wako juu. Jengo la ghorofa 20 lina kimo cha mita 60 au zaidi. Bari 6 zinaishia katika kuyapandisha tu, kabla hata mpira wa zimamoto haujarusha tone. Kazi hiyo ni ya pampu, na pampu ya umeme inaning'inia kwenye kebo. Kebo ikifa, bomba ni chuma kitupu.

Katika maghorofa mengi ya zamani, pampu ya moto imeungwa kama kiyoyozi: inachukua umeme kwenye bodi ileile, baada ya swichi kuu. Hapo kuna mitego mitatu. Wa kwanza, zimamoto wakifika hukata umeme wa jengo ili wasipigwe shoti. Wakizima swichi kuu, wameizima na pampu yao. Wa pili, breka ya kawaida huruka mota inapozidiwa. Wa tatu, pampu ikiwa kwenye mita ya LUKU ya kulipia kabla, pamoja na matumizi mengine, uniti zikiisha nayo imekwisha.

Somo kubwa lilitoka Philadelphia, Marekani, tarehe 23 Februari 1991. Jengo la One Meridian Plaza, lenye ghorofa 38, liliwaka kuanzia ghorofa ya 22. Kebo kuu na kebo za akiba zilipanda kwenye njia moja. Moto ukaziharibu zote. Jenereta ya dharura haikufaa kitu, na vali za kupunguza presha zilikuwa zimepangiwa presha ndogo mno. Wazimamoto watatu walikufa. Moto ulikuja kukomea ghorofa ya 30, penye vinyunyizio vya kujifungua vyenyewe, vikilishwa maji na magari ya zimamoto yaliyosukuma kutoka barabarani.

Kwa hiyo anayebadili umeme wa pampu katika jengo la zamani asianze na boksi la swichi, aanze na njia ya kebo. Umeme wa pampu huchukuliwa kabla ya swichi kuu, kwa mkondo wake na swichi yake yenye kufuli na maandishi makubwa. Hilo hupangwa mapema pamoja na shirika la umeme, TANESCO, maana fundi wa jengo hana ruhusa ya kugusa upande wa shirika hilo. Kebo hupitishwa mbali na kebo za kawaida, ndani ya zege au iwe ya aina inayovumilia moto. Kebo ya jenereta nayo ipite kwingine.

Kisha kinga. Mota ya kilowati 75 kwenye volti 400 hula karibu ampea 135 ikiwa kazini, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta kama mara 6 ya hapo, yaani zaidi ya ampea 800. Breka lazima istahimili mvuto huo bila kuruka. Kwa mota nyingine tunakinga mashine. Kwa pampu ya moto, heri mota iungue ikisukuma maji. Volti nayo ipimwe pampu inapoanza: kiwango cha Marekani cha NFPA 20 hakiruhusu ishuke zaidi ya asilimia 15, yaani chini ya volti 340.

Siku ya kubadilisha, jengo halibaki mikono mitupu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linaarifiwa, walinzi wa moto wanazunguka kila ghorofa, na pampu ya dizeli ya muda inaungwa kwanza.

Kosa linalowaumbua hata mafundi wazoefu ni dogo: fezi mbili zikibadilishana nafasi, mota inazunguka kinyume. Pampu itanguruma vizuri tu, maji yatatoka, ila presha itakuwa hafifu. Ndiyo maana mtu huchuchumaa kando ya pampu, mwingine akaigusa swichi kwa sekunde moja, na macho yakafuata shafti na mshale uliochorwa kwenye ganda. Rudia hivyohivyo kwa umeme wa jenereta. Mwisho pampu ipimwe kwa maji: ikitoa asilimia 150 ya ujazo wake, presha isipungue asilimia 65 ya ile iliyoandikwa kwenye kibao chake.

Wewe unayeishi au kufanya kazi ghorofani, muulize msimamizi wa jengo swali moja: swichi kuu ikizimwa, pampu ya moto inabaki na umeme? Akisita kujibu, jua kazi haijafanyika.