Mwanya wa Cucu

Mwezi uliopita nilipita kwenye kliniki moja ya meno mjini Meru, nikachungulia chumba cha nyuma. Meza ya fundi imegeuzwa rafu, imepangwa maboksi ya glavu. Meno bandia, niliambiwa, siku hizi yanaagizwa Nairobi na kuletwa na matatu kama kifurushi chochote.

Niliumia. Chumbani humo ndimo cucu wangu wa Runyenjes, mama mzaa mama, alimorudishiwa uso wake.

Hakuwa na jino hata moja la juu. Daktari alifanya kazi yake vizuri, ila foleni ilimngoja. Aliyekuwa na cucu hasa ni msaidizi, dada wa Embu, aliyekoroga unga wa kipimo katika bakuli la mpira, kisha akamshika cucu bega wakati daktari akimjaza mdomo. "Pumulia puani, cucu." Akamsemesha Kiembu ili asahau kichefuchefu, na kipimo kilipotoka cucu akaanza kusimulia mwanya wake, ambao babu aliuona sokoni kabla hajajua jina la mwenyewe. Dada yule hakucheka tu. Aliandika kwenye karatasi ya kwenda kwa fundi: mwanya, mbele, juu.

Fundi naye aliisoma karatasi. Nilimwona akipasha kisu kwenye taa ya spiriti, akalainisha nta, akasogeza jino moja la mbele kiasi cha unene wa ukucha. Akainua kazi dirishani, akatikisa kichwa, akairudisha mezani. Mara nne. Meno yalikuwa yamesimama kwenye nta tu, kwani cucu alipaswa kuyajaribu kabla nta haijayeyushwa kwa maji ya moto na akriliki ya rangi ya ufizi kushika nafasi yake. Baada ya hapo jino halisogei tena.

Cucu alipopewa kioo hakujali weupe. Alipitisha ncha ya ulimi katikati ya meno mawili ya mbele, akaanza kucheka, na dada yule akafuta machozi kwa mkono wenye plasta.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na majina yao yameandikwa milangoni, wanayastahili. Lakini ni mlango gani umeandikwa jina la anayepitisha koleo kwenye mvuke kila jioni? Au la afisa wa afya ya kinywa anayezunguka shule za Mbeere na Tharaka, akiwafunua watoto midomo chini ya mwembe? Au la fundi yule, aliyeniambia kwamba hutazama ni shavu lipi mzee wa Nyambene huwekea miraa ndipo apange magego? Ujuzi wa namna hiyo haupandi matatu. Nairobi hufika kipimo tu.

Mama mdogo alirithi mwanya uleule. Mwaka jana naye alipata meno ya juu, si katika kliniki ile. Yamekuja meupe, yamenyooka, yamebanana kama punje za mahindi. Hakuna aliyemuuliza lolote. Anakula nayo vizuri, hata githeri. Akitaka kucheka, huinua kona ya leso na kuziba mdomo.